Redio ya Bwana Singh na Neno la Mnunuzi

...na lazima niliseme kwa kelele, hapo ndipo penye taabu, kwa maana neno lenyewe ni la kunong'ona, ni neno ambalo mtu humtilia mwenzake sikioni huku akitazama pembeni, andika mpya, bwana, andika tu mpya, halafu wote wawili wanacheka kidogo na mambo yamekwisha, lakini Bwana Gurdeep Singh aliyeketi mbele yangu hapa barazani masikio yake yamefunga duka tangu mvua za mwaka jana, hasikii mbwa, hasikii ngurumo, hamsikii hata mkewe akimwita chakulani, na ukitaka neno limfikie sharti ulitoe kifuani kama mnadi ng'ombe sokoni... na pale langoni, karibu kiasi kwamba nasikia akitafuna muwa wake, Haron ameketi juu ya mkokoteni akiningoja, na masikio ya Haron ni mazima, tena mapana, neno likiingia humo Lavington saa hii, kabla ya jua kutua limeshafika Kangemi, limeoga na kubadilisha nguo. Na Haron nimemwambia anakuja kubeba sanduku. Sanduku lililotoka Ujerumani kwa meli, misumari bado haijang'olewa. Wewe Zedekiah wewe, mdomo huu ungekuwa na kufuli... lakini hapana, bila mdomo huu ningekuwa nani, fundi wa rangi kama mafundi wengine, na mafundi wengine mimi nawajua, wanapaka ukuta na ukuta hauwakumbuki. Mzee anaandika. Anaandika vile alivyokuwa akijenga, hana haraka, ametandaza karatasi mbili na kaboni katikati, moja yangu moja yake, amezibana kwa vibanio vya nguo ili upepo usizichezee, amepiga mistari kwa rula ileile ya mbao aliyokuwa akipimia milango, na kila akimaliza mstari anausoma kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, maana viziwi wengine hupaza sauti lakini huyu yake ameishusha, sijui anadhani sisi wengine ndio wagonjwa. "Mimi, Gurdeep Singh, wa Lavington," anasoma, "leo nauza redio yangu kwa Zedekiah Sifuna, fundi ya rangi, wa Kangemi..." na tazama jina langu lilivyokaa, S yenye tumbo na shingo, mimi nikiandika Sifuna huwa inaanguka upande kama mlevi, shule nilifika darasa la nne, na la nne lenyewe niliingia kupitia dirishani, lakini jina zuri nikiliona nalijua hata likiwa limenigeuzia miguu, fundi ya rangi, sawa, angeongeza fundi mkuu, angeongeza aliyepaka nusu ya nyumba za mtaa huu na ile nusu nyingine akaikataa kwa sababu kuta zake hazikumstahili, lakini sawa, karatasi nayo ina mwisho wake.

Pesa tumeshamalizana, Mama Harbans, mke wa mzee, amezifungia ndani, hilo halina hadithi. Hadithi iko kwenye karatasi, kwa sababu katika Nairobi hii mtu wa Kangemi akionekana barabarani na redio kubwa kama ile, bila karatasi, huyo si mnunuzi, huyo ameshashikwa tayari ila askari bado hajafika. Kihara jirani yangu alipewa pasi ya umeme na mwajiri wake, pasi tu, tena imekatika mpini, akaibeba kwapani akiimba, akakutana na askari wa doria, risiti iko wapi, nimepewa, umepewa na nani, na mama wa nyumba, yuko wapi, amesafiri, basi na wewe safiri, akalala ndani mpaka yule mama aliporudi kutoka Mombasa na kucheka na kusema ni kweli nilimpa... na Kihara mpaka leo akiona pasi anatoka jasho. Kwa hiyo karatasi ya kwanza msomaji wake ni askari. Baada ya askari, karani wa posta wa leseni ya redio, yule wa miwani anayekutazama kama stempu iliyotumika. Na baada ya karani wa posta... baada ya huyo kuna Bwana Gerishon. Ah, Gerishon. Afadhali nishindane na askari kumi kuliko Gerishon mmoja. Naye ni karani, anakaa mtaa wa Jamhuri, nyumba ya matofali yenye bomba ndani, mtu mnyoofu kama kola yake, anasoma kila kitu, anasoma kibandiko cha dawa, anasoma gazeti lililofungia nyama mpaka mwisho kabla nyama haijaingia sufuriani, na kijana wake, kijana mzuri, simsemi vibaya, ndiye aliyemwona binti yangu Milcah pale kanisani na akakosa usingizi. Kesho, Jumapili, wakitoka kanisani wanakuja kwangu kwa mara ya kwanza, yeye na mkewe na kijana na wazee wa kuwasindikiza. Na sisi tulikuwa tumeshakwenda kwao mwezi uliopita, na huko ndiko nilikojikwaa, maana tulipoketi niliona redio yao juu ya kabati, imefunikwa nailoni kama mgonjwa, kibandiko cha duka bado kinaning'inia kwa uzi, na hakuna mtu anayeigusa. "Mpya," Gerishon akasema, akainyooshea kidole lakini kidole nacho hakikufika. "Haijalia hata siku moja. Ukiwasha, unaanza kuimaliza." Watu wote wakatikisa vichwa, mke wangu Rael akatikisa kichwa, ukimya ukawa mrefu, na mimi ukimya huwa unaniwasha kama upupu, nikasikia mtu anasema, "Yangu iko baharini," na mtu huyo alikuwa mimi. "Baharini wapi, mkwe?" "Inatoka Ujerumani. Kuna Singh mmoja, rafiki yangu sana, ndiye ananiagizia. Hizi za madukani huku mimi huwa sinunui." Gerishon akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Vizuri sana. Nikija nitaomba kuiona karatasi yake. Napenda kusoma karatasi za kutoka nje." Unaona? Hakusema ataomba kuiona redio. Karatasi.

"Fundi! Fundi Zedekiah!" Haron huyo, mdomo umejaa muwa. "Sanduku liko wapi? Ama meli ilizama?" Ngoja wewe, namwambia, vitu vya maana haviharakishwi, na anacheka, anatema makapi ndani ya ua wa watu, hana adabu, na Bwana Singh hajasikia lolote, amechovya kalamu, amekung'uta tone, amerudi kwenye mstari... na ni hapo awali, kabla ya kuanza, aliponiambia ile sheria yake, akanyanyua rula kama askofu, "Sikia, fundi. Mimi iko andika yote. Jina, namba ya mashine, alama. Lakini pale mwisho, hali ya kitu, ile hapana yangu. Ile neno ya mnunuzi. Wewe nasema, mimi naandika vile wewe nasema. Kesho hakuna kelele." Kila nyumba aliyojenga aliikabidhi hivyo, namkumbuka, mwenye nyumba anazungushwa chumba kwa chumba na kuambiwa aseme yeye mwenyewe kwa kinywa chake ukuta uko namna gani, mlango uko namna gani, na Singh anaandika bila kubishana, na sijawahi kuona mwenye nyumba akirudi kulalamika, utalalamikia nini, maneno ni yako. Kwa hiyo nilipoisikia hiyo sheria moyo wangu uliruka kama mbuzi aliyeona geti wazi. Neno la mnunuzi! Mnunuzi ni mimi! Nitasema mpya, ataandika mpya, wino wa mzee mwenye kilemba, sahihi chini, Gerishon ataisoma mpaka ashibe... nikasahau kwamba neno halifiki kwa mzee bila kupitia kwa Haron. Na nikasahau zaidi kwamba kabla ya hali kuna alama, na mimi nilidhani alama ni mstari mmoja, kumbe.

"Alama," anasoma Bwana Singh polepole. "Moja. Mviringo ya kikombe ya chai, juu ya kifuniko, upande ya kulia." Wacha, mzee. "Mbili. Mikwaruzo kidogo karibu na kifungo ya sauti. Bangili ya mke yangu, kila siku nafungua habari." Mzee, unaniua, huo si mkwaruzo, ni mstari tu, ni urembo... "Tatu. Mguu moja ya nyuma, mimi mwenyewe natengeneza, mbao ya mvule, rangi hapana sawa na ingine." Na kweli mguu ule, nimeupapasa mara ngapi, ameuunga bila msumari hata mmoja, huoni pale ulipoungwa ila ukijua, mtu mwingine angeweka tofali chini akaita kazi, huyu alikaa na patasi wiki nzima, mikono yake hiyo hapo, ona, vidole vinene kama karoti za Limuru lakini kalamu imelala humo kama kifaranga, haitetemeki, mtu aliyenyanyua nusu ya mawe ya mji huu... "Nne. Kitambaa ya spika nashonwa na uzi ya kijani. Panya." Panya! Ameandika panya! Gerishon atasoma panya! Nakunywa chai ili nisilie, chai ya Mama Harbans, tangawizi mpaka masikioni, yeye mwenyewe amesimama mlangoni na shali yake, ananitazama kama anayejua kitu. "Kunywa, Zedekiah," anasema, "huyu nataka andika mpaka jua naingia. Hata barua ya kunioa hapana refu hivi." "Mama," namwambia, "kwani kweli mnaiachia? Si wewe unasikia bado?" Naye anatazama mgongo wa mumewe, kilemba cheupe kimeinama juu ya karatasi, anasema taratibu ingawa hata angepiga kelele mzee asingegeuka, "Nikifungua peke yangu, yeye naketi pale, nanitazama mdomo. Mimi nacheka kitu ya redio, yeye nauliza nini, nini. Iko kama mimi nasengenya yeye ndani ya nyumba yake. Hapana. Peleka wewe. Kwako watu mingi, nasikia wote pamoja." Nami nainamia kikombe changu, mimi, Zedekiah, niliyemnyamazisha mhubiri barabarani.

Na jana jioni, nyumbani. Milcah alikuwa akinipigia pasi shati la kesho, hakuniangalia, anaangalia shati. "Baba." "Sema, mama." "Kesho ukiongea na wale watu... sema tu kile kilichoko." "Kwani mimi husema nini?" "Ile ya Bama wacha. Ile ya kupaka dari ukiwa umelala chali na mawaziri wanapita chini, wacha." "Lakini ile ya dari—" "Baba." Na Rael akapaza sauti kutoka jikoni, "Mwambie awache na chui!" nikacheka, nilidhani tunacheka wote, lakini Milcah hakucheka, pasi ilisimama mahali pamoja mpaka nikasikia harufu ya shati, akasema chini kabisa, "Nikiolewa kule, hadithi zako nitakuwa nazo mimi, kila siku, mimi ndiye nitakayeulizwa," na akainua pasi na kwenda zake... Na sasa shati lina alama ya hudhurungi hapa chini ya mfuko, nimelivaa leo makusudi nione kama Rael ataniambia kitu, hakuniambia. Ile ya Bama, kule vitani, ni kweli, redio ya jeshi ilibebwa mgongoni katikati ya matope na risasi, na kama sikuibeba mimi basi aliibeba rafiki yangu na mimi nilikuwa nyuma yake nikiitazama, ni kitu kilekile, kuitazama ndiko kugumu, aliyebeba alikuwa anatazama njia. Lakini Milcah hajui mambo hayo. Milcah anajua kwamba baba yake akisema chui, watu wanatafuta paka.

"Tano," anasoma mzee. "Valvu moja nabadilishwa. Ikifunguliwa, ngoja kidogo, naamka pole pole kama mzee." Ameandika hivyo? Ameandika kama mzee? Anatabasamu ndani ya ndevu, ndiyo, ameandika, lo, huyu mtu... na asubuhi hii nilipofika aliiwasha ili niijaribu, aliweka kiganja juu ya mbao kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa, akazungusha kifungo, si kwa sikio, kwa jicho, kuna kile kitaa kidogo cha kijani pale mbele kinachofunguka na kufumba, stesheni ikikaa sawa kijani kinajibana kama jicho la paka juani, akazungusha, akazungusha, kijani kikabana, na muziki ukajaa barazani mpaka bangili za mama zikalia, na yeye akafumba macho, kiganja pale pale kwenye mbao, akauliza, "Naimba?" Nikatikisa kichwa, inaimba, mzee. "Chini hii naniambia ngoma," akasema, akagusa mbao kwa kidole kimoja, "ngoma iko. Watu ya kuimba, hapana," na akaizima mwenyewe, kwa upole, kama unavyofunika mtu aliyelala. Na mimi nilisimama pale nikiwaza jinsi ya kumwambia aandike mpya. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaza hivyo, nikiwa nimesimama pale pale.

Lakini kwa nini anaorodhesha hivyo, huyu, kama baba... ndiyo, baba, hapo, sasa nimekumbuka ni wapi nilishasikia sauti hii ya kuhesabu vilema polepole, ni kwetu Bungoma, uwanjani, mimi mdogo nimeshika shati la baba, anamtoa fahali wake mwekundu kwa mtu wa ng'ambo ya mto, na wazee wameketi kushuhudia, maana ng'ombe hauzwi gizani, na baba akasimama akamtaja fahali wetu mbele ya watu, huyu pembe ya kushoto imeangalia chini, sikio lilikatwa na fisi, mguu wa nyuma anautupa akichoka, na akinyeshewa hana urafiki na mtu... na kila kilema kikitajwa wazee wanaitikia mm, mnunuzi anaitikia mm, mimi moyo unaniuma, namvuta shati, baba, mbona unamharibia jina? Akaniinamia, harufu ya ugoro, akasema, "Ng'ombe asiye na kilema cha kutajwa ni wa wizi. Mwizi ndiye asiyemjua. Nikinyamaza, wataniuliza nimemtoa wapi." Kamba ikapita mkono kwa mkono. Na yule mnunuzi alipokuwa akimsukuma fahali mtoni alikuwa akiimba, anaimba nini, anaimba vile vile vilema, pembe iliyoangalia chini, sikio la fisi, anavisifu kama vyeo! Nilisahau hilo. Niliwezaje kulisahau, mimi mtaalamu wa sifa, hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya kwanza niliyosikia maishani, na haikuwa na uwongo hata punje... Gerishon naye kwao si mbali, kwao ni mlima ule ule ukiutazama kutoka upande wa pili, kabla ya kuwa karani alichunga, mkono wake wa kulia una kovu la kamba, niliuona akimimina chai. Na redio yake ndani ya nailoni ina nini cha kutajwa? Ina bei. Mtu akimwuliza, mkwe, hebu tutajie redio yako, atataja nini, atasoma kibandiko...

"Sita," anasoma Bwana Singh, na hapa ananitupia jicho, anarudi kwenye karatasi, "Sita. Tone ya rangi nyeupe, kubwa kama maharage, nyuma ya kifuniko, pembe ya kushoto. Fundi Zedekiah Sifuna, mwaka ya Uhuru." Ngoja. Ngoja, amesema... jina langu tena, pale chini, S ya tumbo, mara ya pili, si kama mnunuzi, kama alama! Mimi ni alama namba sita! Na tone lile, Mungu wangu, ndiyo, mwaka ule Wahindi wengine mtaani wanafunga masanduku, malori yanabeba vitanda kila siku, na huyu ananiita, fundi, paka nyumba yangu, nyeupe, ndani na nje, nikamwambia bwana, wenzako wanaondoka, akasema ndiyo sababu, mtu nataka jua nani iko baki. Nikapanda ngazi pale sebuleni, redio chini yangu, ilikuwa mpya wakati huo, mpya kweli, inang'aa mpaka unaogopa kuipumulia, na sikupenda vile ilivyokuwa, inaongea Kiingereza, inaongea Kihindi, inapiga vinanda, kama mgeni asiyenitambua, mpaka jioni moja ikakohoa na sauti ya mwanamume ikasema, wazi, ndani ya nyumba ya Singh, "Mulembe!" Salamu ya kwetu! Lugha ya mama yangu, kutoka kwenye kabati la Mjerumani! Na mimi juu ya ngazi, burashi imejaa, nikaitikia kwa nguvu zote, "MULEMBE SWA!" na tone likaondoka kwenye burashi, nililiona likishuka, lilichukua muda wake, likatua pale. Nikaganda. Na Bwana Singh wakati huo anasikia vizuri sana, alisikia redio, akanisikia na mimi, akacheka mpaka kilemba kikalegea, akamwita mkewe, njoo, njoo ona, redio nasalimu fundi, fundi najibu! Nikashuka na kitambaa nifute, akanishika mkono, "Wacha hapo. Sasa iko yetu. Kabla ilikuwa ya duka." Na tangu siku hiyo nilikuwa napaka sebule ile polepole, kila mwaka nagundua ufa mpya, nakubali, nyufa nyingine zilikuwa kwenye macho yangu tu, na mzee analipa na kuiwasha redio na kuondoka, ananiachia, kana kwamba hajui, na sasa namtazama pale anavyokausha wino kwa kupuliza na najua alikuwa anajua. Nyumba nzuri alizojenga ziko nyingi, mji mzima umesimama kwenye mawe yake, lakini ufa ambao haukuwepo na akaulipia ili fundi wa rangi asikie habari kwa lugha yake... nani mwingine, nionyeshe mwingine.

Na mimi nilitaka kumfuta. Neno moja, mpya, na kikombe kinafutika, bangili inafutika, mguu wa mvule, panya, jioni zote zile za nyufa za uwongo, na lile tone la maharage, na mimi mwenyewe juu ya ngazi nikiitikia, wote nje, redio inarudi kuwa ya duka. Ningempelekea Gerishon ng'ombe asiye na kilema. Angevaa miwani akasoma, na angeuliza kwa adabu yake yote, mkwe, umeitoa wapi? Na Milcah angekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, anatazama chini... lakini sasa subiri, Zedekiah, subiri, usilie, fikiri, kesho wanaingia, wanaketi, redio iko pale ukutani haina nailoni, naiwasha, inaamka polepole kama mzee, watu wananyamaza kuingoja, jicho la kijani linajibana, na mimi nasimama, sisemi Bama, sisemi mawaziri, nasimama kama baba yangu uwanjani na kuitaja, moja, mviringo wa kikombe, mbili, bangili ya mama wa nyumba, na nikifika sita naomba Gerishon mwenyewe asome, yeye ndiye mwenye miwani, asome kwa sauti mbele ya wazee jina la baba wa bibi harusi lilivyoandikwa mara mbili kwenye karatasi ya Singh, wewe mkwe kwenye karatasi ya redio yako umeandikwa mara ngapi? Hah! Na kila neno kweli! Kila neno litasimama hata nikitoka chumbani! Milcah ataweza kulisimulia kule Jamhuri mpaka awe na wajukuu na hakuna atakayetafuta paka... sijawahi kuwa na hadithi kama hii mfukoni, mimi nimetunga nyingi, nimetunga chui wa kila rangi, na hii nilikuwa nayo miaka yote, imekauka kwenye pembe ya kushoto ya kifuniko, nikaipita nikitafuta nyingine.

"Bas," anasema Bwana Singh. Amefika. Naiona ile sehemu, amepiga mstari kwa rula, ameandika hali ya kitu, nukta mbili, na mbele yake karatasi ni nyeupe, nyeupe kuliko ukuta wowote niliowahi kuumaliza. Kalamu iko juu, haijagusa. Ananitazama kwa yale macho yake ya kijivu, anaegesha kiganja nyuma ya sikio, kiganja kipana kama koleo, anangoja kile kitakachotoka kwangu kana kwamba kitakuwa cha maana, na mimi nimezoea watu wanaosikiliza huku wakikonyezana, sijazoea kusubiriwa hivi. "Sema, fundi. Neno ya mnunuzi." Mama Harbans ameacha kuzungusha bangili. Kule langoni Haron ameacha kutafuna, bila shaka shingo ameinyoosha, masikio mapana yote mawili yamegeukia huku kama ya punda, mshike vizuri Haron, lipeleke Kangemi mbio, lisioge njiani, lisibadilishe nguo... najaza kifua, kama siku ile ngazini, "IMETUMIKA, BWANA SINGH! IMETUMIKA SANA! NA WEWE, NA MAMA, NA MIMI!" na njiwa wanaruka kwenye paa, na mbwa wa jirani anaitikia, na Haron anasema, "Eh!" peke yake kule, na Mama Harbans ameweka shali mdomoni, na Bwana Singh hajasogea, kalamu iko pale pale juu ya mstari mtupu, anainama mbele kidogo, anakipanua kiganja.

"Nini?" anasema.

Navuta pumzi tena.